Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ufundi Tanga: mfunga majukwaa aingilie mlango gani?

Ngamiani, Tanga

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya mafunzo ya ufundi, ajira za vijana na usalama kazini, Mkoa wa Tanga.

YAH: KUKOSEKANA KWA NJIA YA KUINGILIA KAZI YA KUFUNGA MAJUKWAA YA UJENZI

Waheshimiwa, shikamooni.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanza barua ya kiofisi, na ndivyo nilivyoanza barua mbili zilizoitangulia hii.

Ya kwanza niliipeleka kwa mkono mwezi wa Machi mwaka jana. Dada wa mapokezi aliigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akanirudishia nakala, akasema nitapigiwa simu. Ya pili niliipeleka Agosti. Mara ya tatu sikuandika, nilikwenda mwenyewe nikitokea saiti, kofia ngumu mkononi, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Mhusika yuko semina. Jumatatu iliyofuata yuko safari. Baadaye nikaelezwa kwamba jalada langu limehamia ofisi nyingine, na hiyo ofisi nyingine wakasema suala hili si lao, nirudi kule nilikotoka. Sina ugomvi na mtu wa ofisi hizo na sitazitaja. Ila ile nakala yenye muhuri imeshaanza kufutika wino kwa jasho la mfukoni, kwa hiyo safari hii naandika mahali ambapo kila mtu anasoma.

Mimi ni mfunga majukwaa. Wengine huita skafoldi, na wazee wetu walikuwa wakisema tu "mirunda". Ukipita mjini ukaona ghorofa limezungukwa na mabomba ya chuma au nguzo za miti, na juu yake mafundi wanapiga plasta huku wanapiga soga kama wako barazani, hiyo baraza imefungwa na mimi au mwenzangu. Mwashi aliyesimama pale ana cheti. Fundi umeme ana cheti. Mpaka rangi siku hizi baadhi wanavyo. Anayewabeba wote hewani hana hata karatasi ya kufungia karanga.

Niliingia kazi hii mwaka 2006. Nilikuwa saidia fundi kwenye ghorofa moja pale Chumbageni, nabeba zege kwa ndoo. Asubuhi moja mtu wa majukwaa hakutokea. Foromani akatutazama tulivyojipanga, akauliza, "Kati yenu nani mkwezi?" Mimi nimekulia Mwambani kwenye minazi, nikanyoosha mkono. Akanipa spana. Huo ndio ulikuwa usaili wangu, chuo changu na mahafali yangu, vyote ndani ya dakika moja.

Mkwezi anajua kupanda. Hajui kwa nini jukwaa linasimama. Mnazi umejifunga wenyewe ardhini. Jukwaa usipolifunga wewe hakuna wa kulifunga, na kosa lako linamsubiri mtu mwingine aje alikanyage. Mambo hayo nimeyajua kwa kuona yakiharibika. Wiki iliyopita, kwenye saiti niliyopo sasa, nimemsikia foromani kijana akiuliza swali lilelile la ukwezi. Ndiyo maana ninaandika.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kazi hii haina darasa.

Mwaka juzi mpwa wangu alimaliza kidato cha nne, akasema anataka kazi yangu. Nikafurahi, halafu nikaogopa. Nikampeleka chuo kimoja cha ufundi nimwombee nafasi. Tukasomewa orodha: uashi, useremala, umeme, bomba, uchomeleaji, magari, ushonaji. Nikauliza majukwaa je? Mwalimu, mtu muungwana sana, akanieleza kwamba majukwaa yamo ndani ya uashi, ni mada. Nikamuuliza mada hiyo huchukua muda gani. Akafikiri, akasema muda ukiruhusu, asubuhi moja. Tulipotoka getini kijana akaniuliza, "Mjomba, kwa hiyo miaka yote hii wewe unafanya mada?"

Naomba niwaonyeshe kilichomo ndani ya mada hiyo.

Unaanza chini. Bomba ukilisimamisha moja kwa moja kwenye mchanga wetu huu, likibebeshwa uzito linazama. Linataka kitako cha bamba la chuma, na chini ya bamba kipande cha ubao mpana wa kutawanya mzigo. Kila siku naona watu wametega bomba juu ya tofali la saruji. Tofali hupasuka bila kuaga.

Halafu bomba lenyewe. Dukani linaitwa la inchi moja na nusu, kwa nje lina milimita 48.3, na klipu za majukwaa ya bomba, vile vibanio vya kuungia bomba na bomba, zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Sasa kuna bomba jingine la kipimo hichohicho kwa nje, lakini chuma chake chembamba, la kutengenezea mageti. Linaingia kwenye klipu vizuri kabisa. Ukikaza spana linabonyea, na mahali lilipobonyea ndipo litakapokunjika. Kwa macho na vumbi la saiti huwezi kuyatofautisha. Ukiligonga na spana ukasikiliza, utalijua. Mimi mlio huo nilijifunzia wapi? Kwa bomba lililokunjika.

Halafu mshazari. Jukwaa la mraba tupu, lenye wima na mlalo peke yake, linapendeza kwa macho ila polepole linalala upande mmoja, kama kitanda cha kamba kilicholegea miguu. Bomba la mshazari ndilo linaloliambia lisimame. Na ndilo la kwanza kuondolewa, kwa sababu linawazuia watu wa toroli kupita.

Halafu kulifunga ukutani. Hapa watu wa Tanga tusingehitaji mwalimu, maana jina la mji wetu linatufundisha. Ukilivisha jukwaa turubai ili vumbi lisiende kwa jirani, umeshatweka tanga. Kusi ikivuma kutoka baharini inalijaza lile turubai, na kama jukwaa halikushikwa ukutani kwa vipimo vinavyoeleweka, ghorofa linabaki na jukwaa linaondoka kama jahazi. Kule Raskazone, karibu na maji, kuna na chumvi. Klipu uliyoikaza mwezi wa kwanza, mwezi wa sita nati yake imeliwa na kutu na haigeuki kwenda wala kurudi. Kijana wa siku ya kwanza huona klipu imeshika sana akadhani ni nzuri.

Na mirunda? Majengo mengi ya watu wa kawaida bado tunafunga kwa mirunda na kamba, tunatoboa matundu ukutani kuingiza miti, kisha tunayaziba tukishuka. Angalieni nyumba za mtaani kwetu, mtayaona mabaka ya plasta yamejipanga mistari kama vifungo vya shati. Siidharau mirunda, imenilisha. Lakini kamba ya katani ina tabia yake: ikilowa inakaza, ikikauka inalegea. Jukwaa lililofungwa kabla ya mvua, ukiligusa wakati wa mvua utasema ni chuma. Jua likiwaka siku mbili mfululizo, kila fundo linataka kurudiwa. Tuko mkoa wa katani, zao lililoingizwa hapa tangu mwaka 1893, na mpaka leo sijui pa kumpeleka kijana akafundishwe fundo.

Sijagusa ngazi, sijagusa vizuizi vya kiunoni, sijagusa kufumua, ambako kuna hatari yake kwa sababu kila mtu anakuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Asubuhi moja haitoshi, Waheshimiwa.

2. Ujuzi wetu hauna jina.

Nchi yetu ina utaratibu ninaousifu wa urasimishaji wa ujuzi, ambapo fundi aliyejifunza mtaani anapimwa, ananolewa kidogo, anapewa cheti bila kuanza upya darasani. Rafiki yangu mwashi alikipata. Amekiweka kwenye fremu, kimetundikwa juu ya televisheni. Nami nikaenda kujiandikisha mahali fulani hapa mjini. Kazi yangu haikuwemo kwenye fomu. Aliyekuwa akituandikisha akaniambia kwa upole, "Mzee wangu, jaza uashi tu, si yote ujenzi?"

Sikujaza. Mimi si mwashi. Nikipewa mwiko, tofali la tatu limeshapinda. Ningepewa cheti cha kazi nisiyoijua kwa sababu ninaijua nyingine, halafu siku nikiulizwa kupandisha ukuta niaibike mbele ya watu. Niliondoka na kalamu yao kwa bahati mbaya. Bado ninayo, nikiitwa nitairudisha.

3. Tunajifunzia juu.

Hili ndilo lililonifanya niandike barua ile ya Machi, na jukwaa linalohusika lilikuwa langu, kwa hiyo sitajificha.

Ilikuwa Makorora, nyumba ya ghorofa moja, upande wa uani. Kijana alikuwa na siku ya nne kazini. Nilimchukua kwa sababu mama yake aliniomba, na kwa sababu hakuogopa urefu; yaani nilimchukua kwa kigezo kilekile nilichochukuliwa mimi. Mbao nilizipanga mwenyewe asubuhi. Saa tano hivi mwashi alitaka kufikia kona, akavuta ubao mmoja kwenda upande wake, ncha ikachomoza hewani kama hatua nzima kupita egemeo. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ubao wa jukwaa hausogezwi ila na aliyeufunga. Kijana akaja na ndoo ya maji, akaikanyaga ncha ile. Ubao ukainuka upande wa pili kama pembea.

Nilikuwa chini nachagua klipu. Nilisikia ndoo kabla ya kumsikia yeye.

Alianguka kimo cha kama mita tatu. Kifundo cha mkono kikavunjika mahali pawili, na mbavu. Mkandarasi alipofika akasema, "Huyu simjui, ni mtu wa fundi." Na kweli hakumjua, jina lake halikuwemo kwenye daftari lolote. Mtu wa fundi, na fundi ndiye mimi. Mimi je, mtu wa nani? Tukachangishana saiti nzima, tukalipa hospitali, pesa ya bodaboda ya kliniki nikaitoa mfukoni miezi mitatu.

Mama yake hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliniuliza tu, "Baba, mwanangu ulimfundishia wapi kazi hii?" Nikamjibu kweli: hukohuko juu. Leo kijana anauza vocha pale stendi ya Kange. Mkono hauzunguki wote.

Kwa wenzetu Waingereza ncha ya ubao ina kipimo: isichomoze kupita egemeo zaidi ya mara nne ya unene wa ubao. Ubao wa milimita 38, basi ni kama milimita 150, haifiki shibiri. Sentensi moja hiyo. Mwaka 2006 ningeambiwa sentensi hiyo, mkono ule ungekuwa mzima.

4. Tozo na fidia zinatupita kichwani.

Hapa nitakuwa mfupi maana mnayajua kuliko mimi. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi kwa kuhesabu mishahara ya wafanyakazi wao. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya mwaka 2008. Kibarua wa siku anayelipwa mkononi saa kumi na moja jioni hayumo katika mishahara inayohesabiwa, na akianguka hakuna karatasi inayoonyesha kwamba alikuwa mfanyakazi. Sisi wafunga majukwaa karibu sote ni deiwaka. Ndio tunaopanda wa kwanza na kushuka wa mwisho.

5. Penye kazi nzuri tunaulizwa kadi.

Miaka ya karibuni nilifika kwenye saiti moja kubwa, siitaji. Mlangoni nikaulizwa kadi ya mfunga majukwaa. Nikawaonyesha mikono. Kijana wa getini akacheka, nami nikacheka, nikapanda daladala nikarudi. Waliofunga majukwaa ya pale walitoka nje ya mkoa, wengine nje ya nchi. Nilikwenda mara mbili kusimama ng'ambo ya uzio nikawaangalia. Kazi yao ni safi, siwaonei wivu wa bure. Kila mtu pale alijua nafasi yake, na jukwaa lilikuwa na kibao kinachosema limekaguliwa lini na nani. Nilipoona kile kibao nilitamani kukiiba.

Nikaanza kuulizia kadi hizo hupatikanaje. Uingereza kuna mpango mahsusi wa kadi za wafunga majukwaa. Mtu huanza akiwa mwanagenzi ndani ya kundi. Anaingia darasani wiki mbili, anarudi saiti kama miezi sita, anarudi tena darasani wiki mbili, anatathminiwa akiwa kazini, halafu anapimwa kwa vitendo, ndipo anaitwa mfunga majukwaa kamili. Anayetaka majukwaa magumu zaidi, kama ya kuning'inia, ana kozi nyingine mbele yake. Na anayetoka shule ana njia ya uanagenzi, anajifunza huku analipwa. Kanuni zao za mwaka 2005 zinataka jukwaa la kufanyia kazi za juu likaguliwe kabla ya kutumika, kisha kila siku saba, na kila baada ya hali ya hewa inayoweza kulitikisa. Mpango huohuo una tawi la ng'ambo lenye ngazi tatu, na vijana wanaokwenda Uarabuni wanazijua kadi zake.

Sisemi tunakili kila kitu. Nasema mtu wa kule akiulizwa, "Nataka kuwa mfunga majukwaa, nianzie wapi?" ana jibu. Mimi mpwa wangu sikumjibu.

Sasa najua mtakayoyasema, maana nusu yake nimeshaambiwa kwenye lile benchi.

Mtasema hakuna mahitaji. Waheshimiwa, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, hapahapa kwetu, penye matanki na gati lake. Bandari yetu imechimbwa kina na kupanuliwa. Pongwe na Maweni kuna viwanda vya saruji, na kiwanda cha saruji kikisimama kwa matengenezo, ndani ya tanuri na juu ya minara yake mtu hafiki ila kwa jukwaa. Ongezeni shule, zahanati, misikiti, makanisa na ghorofa za watu binafsi zinazoota kila mtaa. Kila kitu kirefu kuliko mtu kinamhitaji mtu wetu, siku ya kujengwa na kila siku ya kupakwa rangi.

Mtasema hakuna fedha za kujenga karakana. Karakana ya nini? Darasa la majukwaa lenyewe ndilo jengo. Tunataka kiwanja tambarare, ukuta mmoja imara wa kufungia, mabomba mia moja hivi ya mita sita, klipu, mbao, mikanda ya usalama na kivuli cha mwembe. Wanafunzi wanafunga asubuhi, mwalimu anakagua, mchana wanafumua. Kesho yake vifaa ni vilevile. Hakuna fani inayotumia malighafi kidogo namna hii. Mwashi anamaliza saruji, mchomeleaji anamaliza umeme, sisi hatumalizi kitu.

Mtasema ni wajibu wa mwajiri. Ni kweli, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003, inambebesha mwajiri mzigo mkubwa, na sipendi aupunguziwe hata kilo moja. Lakini mwajiri wa kazi ya miezi minne hawezi kumlea mtu kutoka ukwezi mpaka ufundi. Atachukua aliyeko getini. Swali langu ni nani anamwandaa huyo wa getini.

Mtasema wenyewe hawataki kusoma. Hapa sitabisha sana. Wapo wenzangu wanaoona kofia ngumu ni ya mabosi, na yupo mmoja, tena rafiki yangu, aliyepewa mkanda wa usalama akauuza Tangamano kabla jua halijazama. Tuna watu wanaojisifu kwamba wametembea juu ya bomba bila kushika, kana kwamba mshahara wa siku una nyongeza ya ujasiri. Nami nilikuwa hivyo. Ila mtu ambaye miaka yote anahesabiwa kibarua, mtamdai nidhamu ya fundi kwa hoja gani? Mpeni kadi ya kupoteza, muone atakavyovaa mkanda.

Na kuna watakaosema, "Mbona zamani tulijenga bila haya yote?" Zamani nyumba zilikuwa fupi.

Ninachoomba si kingi, na nimekipanga kuanzia kisichohitaji hata bajeti.

Kwanza, kazi yetu iandikwe kwenye fomu za urasimishaji kwa jina lake: ufungaji wa majukwaa. Mstari mmoja. Wafunga majukwaa wa mkoa huu waitwe, wapimwe kwa vitendo, wanaofaa wapewe cheti na wasiofaa waambiwe wanapungukiwa na nini. Mimi niwe wa kwanza kupimwa, na nikishindwa mnitangaze.

Pili, ianzishwe kozi fupi, hata ya wiki sita kwa kuanzia, yenye ngazi kama zilivyo fani nyingine za ufundi stadi: ngazi ya kwanza kwa msaidizi, ya pili kwa anayefunga chini ya usimamizi, ya tatu kwa anayeweza kuachiwa jengo. Kati ya ngazi na ngazi pawe na miezi ya kufanya kazi saiti, iandikwe kwenye daftari na kusainiwa na msimamizi. Msiifanye ya darasani mwanzo mwisho. Mtu asiyewahi kubeba bomba kilo ishirini na kitu juani hawezi kujua kwa nini wenzake wanachoka na kuruka klipu. Walimu wapo. Kuna wazee wasiopungua watano mjini hapa ambao mikono yao inajua mambo ambayo hayajaandikwa popote kwa Kiswahili. Hawana digrii, kwa hiyo masharti ya kuajiri wakufunzi msiyaweke yakawa ukuta. Waiteni wafundishe kwa vitendo, na mwenye digrii akae pembeni aandike.

Tatu, wasichana wasisahaulike. Ninao wawili wamenifuata mwaka huu wanataka kujifunza, mmoja ana mkono wa kukaza spana kuliko wanaume wangu wote. Sikuwachukua, kwa sababu iliyonifanya niwe mwoga wa kumchukua yeyote tangu Makorora.

Nne, kwenye kazi za ujenzi za serikali ndani ya mkoa, mkataba utaje kwamba jukwaa la kuanzia kimo fulani, mtakachopanga nyie wataalamu, lifungwe chini ya mtu mwenye cheti, na liwe na kibao cha ukaguzi. Mkilidai hilo kwenye majengo yenu wenyewe, wenye majengo binafsi watafuata. Msilidai kabla ya kuanza kutoa vyeti, tafadhali. Mtatufukuza sote kazini kwa siku moja na mtaziacha ghorofa kwa wakwezi.

Tano, nijibiwe. Hata jibu la hapana, lenye sahihi. Nitalikunja nilitie kwenye bahasha moja na nakala ya muhuri.

Jumamosi ijayo, kuanzia saa mbili asubuhi, tutakuwa tunafumua jukwaa la ghorofa tatu karibu na Barabara ya Kumi na Tatu. Mkitaka kuijua kazi hii, njooni wakati wa kufumua, mtaona jinsi kila bomba linavyoondoka kwa zamu yake na nini hutokea zamu ikirukwa. Nimeshamwomba mwenye jengo, amekubali. Kofia ngumu nimeazima sita. Njooni na viatu vya kufunga kamba. Wa kandambili atatazamia chini, awe nani au nani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfunga majukwaa,
Ngamiani, Tanga.